Mpishi na Sufuria ya Nyumba Tano

Mpishi alikuwa na mtihani wa viazi. Ukimaliza kumenya, aliokota ganda moja kwenye karai, akalibandika juu ya kidole chake na kukielekeza dirishani. Kama ukucha wake ulionekana kupitia lile ganda, alilitupa bila neno. Kama haukuonekana, alikurudishia ganda mkononi na kukuambia, "Hiki ulichonipa ni kiazi. Ganda liko wapi?"

Ploti nzima ilimwita Mpishi. Watu wazima walisema Mama Mpishi wakiwa mbele yake, watoto walisema Shosho Mpishi, kama bibi yao. Jina lake la kitambulisho sikuwahi kulijua. Ploti yetu ilikuwa nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner: vyumba saba vya mabati vinavyotazama ua mmoja wa saruji, mfereji mmoja wa maji, choo kimoja. Chumba chake kilikuwa cha mwisho, karibu na mfereji. Siku tatu kwa wiki alikwenda kupika katika nyumba moja ya matajiri Kitisuru, mahali alipokuwa amepika miaka mingi kabla ya kuzeeka. Asubuhi alipanda gari. Jioni alirudi kwa miguu, kupitia Kangemi, mkoba begani, hatua fupi fupi za haraka. "Nauli ya kwenda ni ya kazi," alisema. "Ya kurudi ni ya uvivu."

Nilimtazama kwa miaka sita. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sikuendelea, na nilikuwa msichana asiyesema sana. Mtu asiyesema sana hupata nafasi nzuri ya kutazama. Lakini kumtazama kwa makini nilianza mwaka ule baba aliposema tutarudishwa Murang'a.

Baba alikuwa mkata karatasi katika kiwanda kidogo cha uchapishaji River Road, wanakochapisha kadi za harusi, vitabu vya risiti na mabango ya mikutano ya injili. Januari hiyo kazi ilipungua, tajiri akawapunguzia siku. Kutoka sita zikawa tatu. Jioni moja baba aliweka kikombe chini akasema alichoamua: mama, mimi na ndugu yangu mdogo twende Murang'a kwa nyanya yetu. Yeye atakodi kitanda katika loji ya River Road na kututumia kitu kila mwisho wa mwezi.

Mama hakulia. Alisema, "Baba Njeri, dada yangu aliambiwa hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza alitumiwa. Mwaka wa pili alisalimiwa. Wa tatu akasikia ana mke mwenzake."

"Mimi si kama yule."

"Hata yule hakuwa kama yule."

Baba alichukua tena kikombe chake, akanywa mpaka chini. Mwishowe akasema tujaribu mpaka shule zifungwe Aprili. Siku tatu zikitutosha kula na kulipa nyumba, tunakaa. Zisipotosha, tunaenda, na hatutabishana tena.

Kesho yake mama alinishika mkono tukaenda kugonga kwa Mpishi. Alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisu mkononi, majani ya sukuma kwapani. Hakutupa pole. Aliuliza, "Mnapika mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu," mama akasema.

"Na moto mnawasha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Basi hapo ndipo safari ya Murang'a inaanzia."

Kwa Mpishi kila kitu kilianza na moto. Chakula kilikuja baadaye. Aliamini kwamba watu wa Nairobi hawali unga wala mboga, wanakula makaa. Alikuja kwetu siku hiyo hiyo kumtazama mama akipika, akasimama juu ya jiko letu kama daktari.

"Mama Njeri, hii jiko yako inakula makaa kama mlevi na hakuna kitu iko juu yake."

"Nangoja Njeri alete maji."

"Moto haungoji mtu. Maji kwanza, mboga ikatwe, chumvi iwe karibu, ndio uguse kiberiti."

Makaa yake mwenyewe yalikufa mara mbili. Akishapika, aliyazoa yakiwa bado mekundu, akayatia ndani ya mkebe wa rangi na kuufunika kwa kifuniko chake cha chuma. Mle yalikosa hewa yakazimika, na kesho yalikuwa makaa tena. Vumbi la makaa aliliomba bure kwa muuzaji, maana muuzaji alikuwa akilifagia na kulitupa mtaroni. Alilikanda na udongo mwekundu na maji, akaviringisha mipira ya ukubwa wa chungwa, akaianika juu ya mabati. Mpira mmoja uliwekwa chini ya makaa mawili matatu na ulikaa na joto nusu siku. Siku ya kwanza tulipoitengeneza mimi na mama, tulitia udongo mwingi. Haikuwaka hata kidogo. Mpishi aliupindua mmoja mkononi akasema, "Huu ni wa kujengea."

Baada ya moto alikuwa na vita na vitu vya kupimiwa. Dukani kwetu watu walinunua unga kwa kikombe, mafuta ndani ya kijikaratasi cha nailoni, majani ya chai ya kikombe kimoja. Mpishi alichukia hayo kuliko wizi. "Maskini ndiye hununua ghali," alisema, "kwa sababu kila siku ananunua kidogo na kila siku analipia karatasi." Yeye aliwakusanya akina mama watatu wanne, wakaenda pamoja soko la Kawangware kununua mahindi na maharagwe kwa debe, wakagawana uani. Sukuma alinunua na mashina yake. Mashina aliyakatakata membamba kama njugu, akayatia kwenye sufuria kwanza, majani baadaye. Muuza mboga mmoja alipotaka kumkatia mashina, alimshika mkono: "Wacha hapo. Hilo shina nimelipia bei ya jani."

Samaki alijua kununua mgongo wazi, ule mfupa unaobaki baada ya minofu kwenda mahotelini. Aliukaanga ukawa mkavu, akautia nyanya mbili, na mchuzi wake tuliufuata kwa ugali mpaka sahani ikang'aa.

Na alikuwa na kikapu. Ndicho kilichowafanya watu waseme. Kilikuwa kikapu kikubwa cha mkeka, ndani amekitandika blanketi kuukuu na mito aliyoishona akaijaza vipande vya sponji kutoka kwa mtengeneza magodoro. Sufuria ikishachemka vizuri aliiingiza humo, akafunika kwa mto mwingine, akaenda zake kufua. Saa kadhaa baadaye alifunua, na maharagwe yalikuwa yameiva bila moto. Mama Kevo, jirani wa chumba cha kwanza, alikuwa na mdomo mwepesi. Alisema uani, watu wakisikia, "Hiyo si kikapu. Hiyo ni dawa ya kwao Ukambani."

Mpishi hakugeuka kutoka kwenye karai lake. "Ningekuwa na dawa, Mama Kevo, ningeanza na huo mdomo."

Watu walicheka, na Mama Kevo akacheka kuliko wote. Wiki iliyofuata naye alileta maharagwe yake.

Maana kikapu hicho ndicho kilichozaa sufuria ya Jumamosi. Mpishi alikuwa na sufuria kubwa ya alumini, iliyobondeka ubavu mmoja, kama zile za kupikia matanga. Kila nyumba iliyotaka ilileta maharagwe yake, yaliyolowekwa tangu jana, ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa uzi wa rangi yake. Nyumba ya Mpishi ilikuwa na uzi mweupe, Mama Kevo mwekundu, sisi kijani, na nyingine mbili bluu na manjano. Mifuko yote mitano iliingia katika maji mamoja, juu ya moto mmoja. Kila nyumba ilileta pia mkebe mmoja wa makaa. Moto wa nyumba moja ulipikia tano. Mchana kila mtu alichukua mfuko wake, akaenda kukaanga anavyotaka, na mengine yakabaki ya siku tatu nne. Makapera wawili wa vyumba vya kati, waliokuwa wakila hotelini, walikuja tu kuegemea ukuta na kunusa.

Sheria yake ilikuwa moja. Maharagwe hayaingii kikapuni mpaka yacheke. Kucheka ni kuchemka kwa nguvu, sufuria ikitetemeka, kifuniko kikirukaruka, na yaendelee hivyo kwa muda wa nyimbo tatu za kanisani tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Aliziimba kweli, kwa Kikamba, akikoroga. Nilipomuuliza kwa nini tatu, alisema, "Maharagwe mekundu yana hasira. Moto mkali ndio unaitoa. Kikapu kinalainisha tu, hakitoi hasira."

Baba hakupenda. "Githeri ya mahindi na maharagwe jana, maharagwe leo, kesho githeri. Mimi si mwanafunzi wa bweni," alisema.

"Wa bweni hulipiwa karo," mama akamjibu. "Kula, Baba Njeri."

Alikula. Na Februari ikapita, nyumba ikalipwa.

Nilidhani ubanaji wa Mpishi ulitoka kwenye shida. Siku moja nilipata ujasiri wa kumuuliza alikojifunzia kikapu. Akasema, Kitisuru. Memsahibu wake wa kwanza, mama mzungu mkongwe aliyekuwa na uwanja wa kuweza kulishia ng'ombe, ndiye aliyekuwa na sanduku la nyasi kavu jikoni. Alitia humo sufuria ya uji jioni, akaikuta asubuhi ina moto. Mama huyo alikausha majani ya chai akayatumia tena, alikata sabuni vipande na kumpa Mpishi kimoja kimoja, alifungua bahasha za barua polepole ili aandike orodha ya soko upande wa ndani.

"Kwani hakuwa na pesa?" nikauliza.

"Alikuwa nazo. Wewe unafikiri matajiri hawabani? Anayetupa chakula ni yule aliyepata pesa jana." Kisha akaongeza, kana kwamba amekumbuka kitu cha kuchekesha, "Lakini mbwa wake walikula nyama kilo mbili kwa siku. Kila mtu ana mahali pake pa kutobana."

Hilo la mwisho lilinifanya nitafute mahali pake yeye. Nilipapata mara tatu. Chai yake ilikuwa nzito, maziwa zaidi ya maji, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kikombe kilichojaa. Viatu vyake vya kanisani vilikuwa vya ngozi, vya dukani mjini, na kila miezi michache alivipeleka kwa fundi mmoja wa River Road kubadilishwa visigino, ingawa mafundi wa viatu walijaa hapo Dagoretti Corner. Na kila Jumamosi alinunua parachichi moja, bora kabisa sokoni, baada ya kubonyeza ishirini. Alikaa kitini mlangoni kwake, akalipasua, akalitia chumvi na kulila lote kwa kijiko, peke yake, mbele ya watoto waliosimama kumtazama. Hakuwapa. Mama Kevo alimwambia, "Mama Mpishi, si ugawie mtoto?" Akajibu akiendelea kula, "Wakija saa ya chakula watakula. Hiki si chakula."

Na ni kweli, saa ya chakula yeyote aliyepita alikaa akala kwake. Lakini kukufungia ubebe nyumbani, hapana. "Kinaliwa hapa," alisema. Sikuwahi kumsikia akieleza sababu.

Swali kubwa lilikuwa pesa zake huenda wapi. Mshahara wa Kitisuru si mkubwa, lakini mtu aliyekuwa peke yake, anayepika kwa vumbi, lazima abakize kitu. Nguo zake zilikuwa zile zile. Redio yake ilikuwa na waya badala ya kishikio. Watu walisema anajenga ghorofa Kitui. Mama Kevo alisema kuna kijana anayemla. Baba, ambaye hakupenda kusengenya, alisema watu wengine hubana kama wengine wanavyovuta sigara, wameshindwa kuacha. Mimi kila alipofunga mlango niliutazama huo mlango.

Katikati ya Machi, Jumamosi moja, aliitwa Kitisuru ghafla kwa sababu ya wageni. Sufuria ilikuwa tayari motoni. Akaniambia, "Njeri, leo ni wewe. Yacheke, nyimbo tatu, halafu kikapuni. Makaa yakipungua piga hodi kwa Mama Kevo na kwa wa uzi wa manjano, hawajaleta mikebe yao."

Makaa yalipungua. Sufuria ilikuwa imeanza tu kunong'ona pembeni. Nikachukua mkebe mtupu nikaenda mpaka mlangoni kwa Mama Kevo. Ndani walikuwa wageni, wanacheka kwa sauti. Niliinua mkono kugonga, nikaushusha. Nikaenda kwa wa uzi wa manjano, nikasikia mwanamume akizungumza, nikarudi. Nilisimama mbele ya sufuria. Maji yalikuwa yakisogea kidogo, kifuniko kimetulia. Nikajiambia kwamba kusogea ni kucheka. Nikaimba nyimbo tatu moyoni, haraka, nikaruka beti, nikaingiza sufuria kikapuni.

Saa nane watu walichukua mifuko yao. Baba alitafuna akasema, "Leo yana meno." Lakini alikuwa na njaa, akamaliza. Saa kumi na moja foleni ya choo ilikuwa imefika mferejini. Ndugu yangu alitapika karaini, mama akatapika kwenye ngazi ya mlangoni, baba alikuwa amejilaza sakafuni akishika tumbo. Hata mimi. Nyumba nne zilikuwa zinaugua kwa pamoja, na makapera wawili waliosimama ukutani walitutazama wakishukuru hoteli yao.

Mpishi aliporudi, jua likiwa bado halijazama, Mama Kevo alimngoja getini akiwa amejifunga leso kiunoni kwa maumivu. "Mama Mpishi, umetulisha nini?"

Mpishi alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wake wa uzi mweupe, uliobaki kikapuni, akatoa haragwe moja, akalipasua kwa kucha na kulitazama. Kisha akanitazama mimi. Nilijua anajua. Akawageukia watu.

"Hayakucheka," akasema. "Mimi ndiye mwenye sufuria. Makosa ni yangu."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Sikufungua mdomo.

Ugonjwa wenyewe ulikwisha baada ya siku moja. Ubaya ulikuwa mwingine. Tajiri wa baba alikuwa amepata kazi ya haraka, vitabu vya risiti vya shule fulani, akamwita baba Jumapili na Jumatatu, siku za ziada. Baba alishindwa kwenda Jumapili. Jumatatu alijikokota mpaka River Road akakuta mtu mwingine kwenye mashine ya kukatia. Tajiri akamwambia amwache huyo amalize wiki, yeye aende apone. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Wiki nzima," akamwambia mama. "Umeona mwenyewe. Hii haikufika hata Aprili." Kisha akasema neno baya juu ya Mpishi, neno ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake, na mama hakumkemea.

Mpishi alikuja mchana huo, baba akiwa hapo. Baba hakumsalimu. Mpishi alisema "Habari ya ugonjwa, Baba Njeri," akapita, akapiga magoti mbele ya kitanda chetu. "Mama Njeri, toa kila kitu."

"Kitu gani?"

"Kila kitu kinacholika kilichoko hii nyumba."

Ikawa kama kuhama. Chini ya kitanda kulikuwa na unga wa wimbi ulioletwa na nyanya Krismasi, mama alikuwa ameusahau. Kulikuwa na nduma tatu zilizoanza kuota, ukoko mkavu wa ugali ndani ya mkebe, dengu nusu kikombe, viazi vitamu viwili, nusu ya kabichi iliyonyauka majani ya nje, omena ndani ya gazeti. Mpishi alivipanga sakafuni mstari mmoja, akavitazama, akaanza kuvigusa kwa kidole. "Hii Jumatatu. Hizi Jumanne mchana. Uji asubuhi zote. Omena Alhamisi, zitiwe viazi vitamu kando." Alipofika mwisho wa mstari ilikuwa Jumamosi. Akasimama kwa shida, akishika ukingo wa kitanda. "Hii nyumba haina njaa," akasema. "Imesahau tu." Baba alikuwa akitazama ule mstari.

Tulikula ule mstari, siku baada ya siku. Jumatano, tukiwa tumekaa kwa nduma na chai ya rangi, baba alisema tena lile neno juu ya Mpishi. Ndipo niliposikia sauti yangu.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyetoa sufuria. Makaa yalikwisha, nikaogopa kupiga hodi."

Baba alitafuna taratibu, akameza. "Uliogopa kupiga hodi."

"Ndiyo."

"Kwa Mama Kevo, ambaye hata usipopiga hodi anafungua."

Ndugu yangu akacheka, na mama akamtazama asicheke. Baba aliuliza, "Na yule mama wa watu amenyamaza siku zote hizi?" Aliinuka, akatoka nje, akavuka ua. Nilimwona akisimama mlangoni kwa Mpishi, akisema kitu akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaingia. Alikaa huko mpaka chai yetu ikapoa, na aliporudi alikuwa ameshiba.

Jumamosi iliyofuata Mpishi alinipa mkebe mtupu. "Piga hodi nyumba zote," akasema. "Ukipewa makaa, useme nani alitoa sufuria."

"Si ulishasema ni wewe?"

"Nilisema mbele yao kwa ajili ya baba yako, asiaibike. Sasa utasema kwa ajili yako."

Nilipiga hodi. Wa uzi wa bluu alinipa makaa akicheka. Wa manjano alinipa akiguna. Mama Kevo alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, akaniambia kwa upole ambao sikuutarajia, "Asante kwa kusema, mrembo. Lakini mimi nitapika kwangu." Na akapika kwake tangu siku hiyo. Sufuria ya nyumba tano ikawa ya nne.

Jumatatu baba alirudishiwa mashine yake. Shule zilifungwa, Aprili ikaingia, na nyumba ikalipwa kwa kuchelewa siku tatu, kwa kumwomba landilodi. Tulingoja baba aseme. Ijumaa hiyo jioni mama alikuwa akitia maharagwe mfukoni, akitafuta uzi wa kijani bila kuuona. Baba aliuona juu ya redio, akauchukua, akaufunga mfuko yeye mwenyewe, mafundo mawili, akakata ncha kwa meno. Hilo ndilo jibu tulilopata kuhusu Murang'a.

Mpishi aliondoka mwaka wa tatu baada ya hapo. Hakumwambia mtu. Pikapu ilikuja asubuhi, kijana mmoja akapakia kitanda, meza na kikapu. Sufuria kubwa hakuigawa. Aliiuza, tena kwa bei ambayo ploti nzima ililalamikia, na aliyeinunua ni Mama Kevo.

Mwaka jana mama alisikia kanisani kwamba anakaa Uthiru, akanituma nikamsalimu. Nilikuta nyumba ya mawe yenye geti jeusi. Alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amepungua mwili lakini alinitambua kabla sijajitaja. Sebuleni kulikuwa na mwanamume wa miaka kama thelathini na tano anamlisha mtoto mbele ya televisheni, na jikoni mkewe, mchangamfu, akinikaribisha kwa mikono yenye unga.

Tulikaa jikoni. Yule mkamwana alipika huku akizungumza nasi. Aliwasha gesi upande huu, akasahau ameiwasha na upande wa pili, moto ukawa unawaka chini ya hewa tupu. Aliosha mchele, akamwaga wali wa jana kwenye ndoo ya taka, wali mweupe mzuri, nusu sufuria. Nilimtazama Mpishi. Alikuwa ameweka mikono mapajani.

Mkamwana alipotoka kwenda kuanua nguo, niliinuka nikazima ule moto wa bure. Kisha nikamnong'oneza, "Mama Mpishi, huoni?"

"Naona."

"Na husemi?"

"Nilisema. Mwezi wa kwanza nilisema kila siku. Chumvi nikasema, mafuta nikasema, gesi nikasema." Alitazama mlangoni. "Kijana akaanza kuchelewa kurudi. Anasema kazi ni nyingi. Kumbe anakula hotelini, anakaa huko mpaka ajue nimelala. Mke naye anakula akiwa amesimama, chap chap, arudi chumbani. Nikabaki mezani na kile chakula nilichookoa."

Nilimuuliza lile nililokuwa nalo kwa miaka. "Ulikuwa ukiweka ya nini, wakati ule? Watu walisema Kitui."

Alielekeza kidevu sebuleni. "Huyo mwanangu alikaa Kitui kwa mama yangu miaka kumi na miwili. Kitisuru hawakutaka watoto nyumba za wafanyakazi. Nilituma kila mwezi, sikukosa hata mmoja. Alipokuja Nairobi kufanya kazi, akaniamkia vile mtu anaamkia mwalimu." Alinyoosha nguo yake magotini. "Nikasema nitanunua kiwanja. Ajenge yeye, kiwe na chumba changu na chake, tule meza moja kabla sijafa. Hiki hapa tulichokalia ndicho."

Mkamwana alirudi na nguo begani. Mpishi akamwambia, "Chakula kinanukia vizuri, mama," na yule mwanamke akatabasamu, akaongeza mafuta.

Walinisihi nile, lakini nilikuwa nimeahidi kurudi mapema. Mpishi alinisindikiza mpaka getini. Aliuliza, "Baba yako bado anakula nyumbani?"

"Bado."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na analalamika kila siku."

"Basi yuko," akasema.

Ndani sauti ya mwanamume iliita, "Mama, tunakungoja mezani." Aliniachia mkono katikati ya kuagana. Alikimbia, mzee yule, kwa hatua zake fupi fupi, geti likabaki wazi nyuma yake, nikalifunga mimi kutoka nje.